Ua Tulilokula

Harufu ya pareto iliyoanikwa haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Ni kavu, ina uchungu kidogo, na hukaa kooni zaidi kuliko puani. Mwaka niliotimiza miaka kumi, mama alijifungua mapacha kule Mbalizi, nyumba ikawa ndogo na mikono ikawa michache, nikapelekwa kwa dada yake baba, Shangazi Tusekile, katika kijiji kilichoko milimani juu ya Isyonje. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea mlangoni. Maua meupe yalikuwa yametandazwa juu ya mikeka na magunia mpaka uvunguni mwa kitanda, kwa kuwa mvua za Desemba hazikutoa nafasi ya kuyaanika nje. Katikati yake alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, kajifunga kitenge juu ya sweta la kiume, na vidole vyake vilikuwa vya bluu. Nilidhani ni ugonjwa.

Ilikuwa rangi tu. Shangazi alikuwa mchoraji. Usichana wake aliupitisha Iringa, akifua na kupika kwenye nyumba ya watawa, na mtawa mmoja mzee aliyependa maua ndiye aliyemfundisha kutumia rangi za maji. Ndoa ilipomshinda alirudi kwao na kisanduku cha rangi, na pumu juu yake. Kwa riziki alilima pareto, na vumbi la pareto hiyohiyo ndilo lililomkaba kifua. Kikulacho ki nguoni mwako. Majirani walimpenda lakini hawakumwelewa. Mtu mzima analala kifudifudi kwenye majani mabichi, jembe liko pembeni, anatazama ua saa nzima bila kulichuma, utamwitaje? Wakimcheka alijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha akaendelea kuinama. Alichora nyuma ya kalenda za zamani, kwa hiyo ukiigeuza picha yake yoyote ulikuta tarehe zilizopita. Na alikuwa na sheria moja: hakuchora asichokiona. Nilipomwomba anichoree simba aliniuliza simba mwenyewe yuko wapi.

Msimu ule alikuwa na haraka ambayo si kawaida yake. Yule mtawa alikuwa amemwandikia kwamba siku za Pasaka kungekuwa na maonesho madogo kwenye ukumbi wa misheni kule Iringa, na alimtaka alete picha moja kubwa. Pamoja na barua ilikuja karatasi nene, nyeupe, imeviringishwa vizuri. Ilikuwa moja tu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba Shangazi picha tangu azaliwe, na usiku ule hakulala kwa furaha. Atakachochora alishakijua. Juu ya kilima, mahali penye majimaji, palikuwa na bua moja lililobeba maua madogo yaliyopandana, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, yenye madoa ya zambarau kooni. Mara ya kwanza alilikuta limeshanyauka. Mwaka uliofuata kifua kilimlaza msimu mzima. Sasa lilikuwa linafunguka, kutoka chini kwenda juu, ua moja leo na jingine keshokutwa, naye alichora kila moja siku lilipofunguka. Tulipanda kila asubuhi, yeye akipumzika kila kona, mimi nimebeba kigoda na mwavuli. Mvua ikija, mwavuli uliikinga karatasi, sisi tulilowa. Nilimpenda sana asubuhi zile, hata aliponikemea nisikanyage majani.

Picha ilipofika nusu, ukungu wa Januari ukamshika. Alikaa kitandani siku tatu ameegemea mito, kila pumzi ikipiga mluzi. Uji aliurudisha, viazi alivirudisha, hata maziwa aliyarudisha. Nilikuwa na hakika kwamba anakufa, na kwamba nitaulizwa nilikuwa nafanya nini. Nikakimbilia kwa jirani yetu, Mama Lusajo, kumuuliza mgonjwa hupikiwa nini.

"Huyo mpikie kinaka," alisema. "Namjua tangu binti. Kinaka hakatai."

Kinaka hupikwa kwa viazi vidogo vya porini, vikatwangwa, vikachanganywa na karanga na magadi, kikapoa na kuganda mpaka kikatwe vipande kama mkate. Unga wa viazi hivyo aliokuwa nao Mama Lusajo haukujaa hata kikombe. Akanipa kijembe nikatafute viazi vya kuongezea, akidhani nitakwenda bondeni kama watoto wengine. Lakini ua la Shangazi lilikuwa la jamii hiyohiyo, mama yangu alishanionyesha majani yake, na nilijua mahali pa uhakika. Nikapanda peku peke yangu. Nilichimba vidogo vya pembeni kwanza, kisha nikafika kwenye bua lenyewe. Leo nikiulizwa kwa nini sikusita, sina la kujitetea ila akili ya miaka kumi. Niliamini kwamba ua likishaingia kwenye karatasi, lenyewe halina kazi tena. Na ile nusu iliyobaki niliipatia dawa. Nililikata bua kwa uangalifu, nikaliweka kwenye kikombe cha maji, ili Shangazi achore akiwa kitandani, asihangaike tena kupanda kilima na kifua kile. Nilishuka nikiimba.

Alikula. Alikula vipande vinne, akalamba vidole, akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu," ahsante sana, na macho yake yakarudi kuwa macho. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama nilivyojisikia jioni ile. Ndipo nikaleta kikombe.

Shangazi aliliangalia ua, akaangalia sahani, akaniangalia mimi. Nilimwona akihesabu kimyakimya, na mimi mwenyewe nikaanza kuelewa kabla hajasema neno. Matumba ya juu, yale ambayo hayajafunguka, yalikuwa yameinamisha vichwa. Hayakufunguka kamwe. Hakunipiga, na ningependa anipige. Aliuliza tu kama mabaki ya viazi yapo. Nikamletea kimoja cheusi, kilichonyauka, ambacho Mama Lusajo alikuwa amekitupa. Akanieleza kwa sauti ya chini, pumzi ikikatikakatika, kwamba bua kama lile huwa na viazi viwili chini yake, kimoja cha mwaka uliopita na kimoja cha mwaka ujao, na watu hula hicho cha mwaka ujao kwa sababu ndicho kilichonona. Tulikwenda kukipanda kile cheusi pamoja, siku alipoweza kusimama. Hakikuota. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ile nilidhani tukishakipanda tutarudi nyumbani. Badala yake aliniambia nimpe kigoda, akaketi penye shimo, akatandika karatasi yake magotini na kufungua rangi. Upande wa juu wa karatasi kulikuwa na ua, nusu limekamilika na nusu mistari ya penseli. Sikuthubutu kumuuliza anachora nini. Nilishika mwavuli na kuangalia pembeni, machozi yakinitoka, mpaka jua lilipopanda.

Niliiona picha yenyewe Iringa, siku za Pasaka, kwenye ukumbi ulionukia nta na sakafu iliyooshwa. Watu walikuwa wamesimama mbele yake. Ua lilikuwa vile alivyoliacha, halijamaliziwa, na chini yake Shangazi alikuwa amechora shimo: udongo mweusi uliofumuliwa, mizizi iliyokatika, alama ya kijembe. Kandoni mwa shimo, kwenye tope, kulikuwa na unyayo mdogo wenye vidole vitano. Nilimvuta kitenge, nikamuuliza kwa nini amenitangaza mbele za watu. Alishangaa kweli. "Ulikuwapo," alisema. "Ningekuachaje?"

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwangu Iringa, na unyayo ule ni mdogo kuliko kiganja changu. Kule juu ya Isyonje viazi mviringo vimepanda karibu kufika kileleni. Kinaka bado kinauzwa Mbalizi barabarani, ila wauzaji husema viazi vyake siku hizi vinatoka mbali. Shangazi amezeeka, pareto aliacha kulima, rangi bado anazo. Hapandi tena, kwa hiyo kila Desemba ninapanda kwa niaba yake.

Safari iliyopita nilimpelekea mchele wa Chimala, nikampikia na kuku. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Hiki umekichimba wapi?" Huuliza hivyo kwa kila chakula ninachomwekea mbele, miaka yote hii, kisha hucheka mpaka atafute dawa yake ya kuvuta. Alipotulia akauliza lile la pili, kwamba nimeona nini huko juu. Sheria ya nyumba ile naijua, nami sisemi nisichokiona.

"Mashimo, Shangazi," nikamwambia. "Mpaka penye majimaji, mashimo matupu."

Nilidhani atalia. Alishika kijiko, akafikiri kidogo.

"Basi kuna mtu kapikiwa," alisema, akaanza kula.