Vumbi na Santuri Isiyo na Jina

Usimpe mkono Thurman Beckles kama umevaa shati jeupe. Mchana kutwa hupiga pasi mashati ya watu wa ofisini katika duka la dobi la Barabara ya Church, na akitoka pale mikono yake ni misafi kuliko ya daktari. Halafu anaingia chumba cha nyuma kwa mama yake, anaanza kupekua masanduku ya santuri kuukuu, na baada ya nusu saa anafanana na mtu aliyefukuliwa. Ndiyo maana mtaa wetu mzima wa Flatbush, hapa Brooklyn, unamwita Vumbi. Anayemwita Thurman ni mama yake peke yake, Bi Coralita, na akilitaja jina hilo kwa sauti ya juu ujue bafu limeziba tena.

Bafu lilikuwa linaziba kwa sababu ya lebo. Kwa dijei wa rika la Vumbi, jina la santuri ni siri kubwa kuliko mambo ya chumbani. Ukipata santuri yenye kipande kitamu cha ngoma ambacho wenzako hawakijui, huiachi izunguke kwenye mashine huku watu wakichungulia lebo yake. Unajaza bafu maji ya moto, unailoweka, unaimenya lebo kama ganda la yai. Vumbi alianza tabia hiyo mwaka 1981, kiangazi, alipokuwa akipiga muziki bustanini. Aligeuka nyuma akamkuta Ossie Braithwaite, dijei wa Barabara ya Utica, amesimama juu ya pipa la taka na darubini mkononi.

"Unafanya nini huko juu?"

"Natazama ndege."

Hawakusalimiana tena kwa miaka kumi na moja. Wakikutana dukani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba hana haja na maziwa.

Katika kundi lao la rap, kaka yangu Rudell ndiye sauti, Vumbi ndiye mashine. Rudell anaitwa Hakimu, kwa sababu hata akiomba chumvi utadhani anatoa hukumu. Kwa miaka sita walirekodi kanda katika kile chumba cha nyuma, wakaziuza kwa vinyozi na nje ya vituo vya treni, mpaka kampuni moja ndogo ya ng'ambo ya mto ikawaita na kuwapa mkataba. Albamu ikaitwa *Chumba cha Nyuma*, nyimbo kumi na mbili. Mimi, niliyekuwa nimeiacha stashahada ya uhasibu katikati kama mtu anayeshuka basi kabla ya kituo, nikapewa cheo cha katibu. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kusema "Subiri kidogo" kwa sauti ya mtu mwenye ofisi.

Jumatatu ile nilisema "Subiri kidogo" nikampa Vumbi simu, nikamwona anakaa chini polepole bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwepo.

Aliyepiga alikuwa mwanasheria wa kampuni. Tangu mahakama ilipotoa hukumu mwaka mmoja nyuma kuhusu watu wanaotumia vipande vya nyimbo za wenzao bila ruhusa, kampuni zote zilikuwa zimeingiwa na baridi. Vumbi alikuwa ameshawapa majina ya vyanzo vyote, isipokuwa kimoja: kinanda cha wimbo wa nane. Walitaka jina la santuri kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Bila jina, wimbo wa nane unaondolewa. Na kwa kuwa wimbo wa nane ndio redio zilikuwa zimeahidi kuupiga, bila huo albamu "itasogezwa mbele kidogo". Sisi wote tunawajua watu waliosogezwa mbele kidogo. Mmoja anauza viatu.

"Basi wape jina," Rudell alisema. "Tatizo liko wapi?"

Vumbi alikwenda sandukuni akarudi na santuri. Katikati, pale penye lebo, palikuwa na upara kama kichwa cha mtoto mchanga.

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyeimenya?"

"Nilinunua santuri themanini na kitu siku moja, baa ya Nostrand ilipofungwa. Majalada yalikuwa na ukungu, nikayatupa. Jumapili nikaziloweka zote pamoja. Sikusoma."

"Na zile namba zinazochongwa pembeni ya lebo?"

"Nilizikwangua. Kwa msumari."

Rudell alipitisha kidole pale palipokwanguliwa. "Yaani ulimficha Ossie, ukawaficha watu wote wa Brooklyn, halafu ukaona haitoshi, ukajificha na wewe mwenyewe."

"Nilikuwa nahakikisha."

"Umehakikisha, kaka. Hongera. Hata polisi hawawezi."

Jumanne na Jumatano tulizunguka. Vumbi aliomba ruhusa kazini, akaibeba ile santuri kifuani kama cheti cha kuzaliwa. Muuza santuri wa Fulton alisema ni watu wa Memphis. Wa pili akaapa ni watu wa Jamaika waliokuwa wanajifanya watu wa Memphis. Mpiga kinanda wa kanisa la Bi Coralita alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema hamjui mpigaji ila anajua hajaokoka. Jumatano jioni tulikaa jikoni, na Bi Coralita akatupakulia wali na njegere bila kuuliza nani ana njaa.

"Ossie mmemwuliza?" akasema.

Kijiko cha Vumbi kikasimama.

"Mama."

"Nakuuliza tu. Yule mtoto alikuwa na santuri nyingi kuliko wewe."

"Si mtoto, Mama, ana miaka thelathini na tatu. Na hakuwa nazo nyingi kuliko mimi."

"Alikuwa nazo nyingi," Bi Coralita alisema, "na bafu la mama yake halikuziba hata siku moja. Thurman, mwanangu, huyu Rudell amekuandikia mistari miaka sita. Sasa wewe utamwambia wimbo umekufa kwa sababu ya darubini?"

Rudell alikuwa anatazama sahani yake. Nilijua hatasema neno, na ndiyo maana nilikasirika kwa niaba yake. Sehemu nzuri kuliko zote alizowahi kuandika iko kwenye wimbo wa nane, pale anapomzungumzia baba yetu bila kumtaja jina.

"Nitakwenda," Vumbi akasema. "Lakini nampigia muziki tu. Siongei naye."

Alhamisi saa nne asubuhi tulibisha kwa Ossie. Siku hizi anaendesha basi la shule, na kati ya safari ya asubuhi na ya mchana hurudi nyumbani kula. Alifungua mlango na kipande cha mkate wa nazi mdomoni, akatuona, akatafuna taratibu mpaka akamaliza.

"Nani amekufa?"

"Bado," Rudell alisema. "Ndiyo tumekuja kuzuia."

Kwa kuwa Vumbi alikuwa haongei, mimi ndiye niliyeeleza yote. Ossie alisikiliza huku uso wake ukifunguka kama pazia la ukumbi. Nilipofika kwenye msumari alilazimika kushika ukuta. Kisha akaichukua santuri, akaiweka kwenye mashine yake, akashusha sindano. Kinanda kikapanda, kikakaa, kikashuka. Ossie aliinua sindano kabla ya mapigo manne kuisha.

"Ninayo," alisema.

Vumbi akasahau kwamba haongei. "Muongo!"

"Karibu kwangu, bwana, unitukane vizuri. Nimesema ninayo. Na ntakupa. Ila kuna kitu na mimi nataka."

"Sema."

"Bustanini. Themanini na moja. Ile ngoma uliyopiga kabla hujageuka." Sauti yake ilishuka, hakuwa anatania tena. "Miaka kumi na moja, Vumbi. Nimenunua santuri mpaka vyumba viwili vimejaa. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu ya vyumba viwili. Ile ngoma ni ya nani?"

Lazima mwelewe: ngoma ile ndiyo iliyomfanya Vumbi kuwa Vumbi. Watu walikuwa wanatoka hata Bronx, upande wa pili wa jiji, kwa treni mbili kuja kuisikia. Hata Rudell hakuwahi kuambiwa. Nilimwona Vumbi akimtazama Rudell, kisha akautazama mlango, kisha akarudi kwa Rudell.

"Usicheke," alisema.

"Sicheki."

"Ni santuri ya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya akina mama. Waliotoka kujifungua." "Ya kupunguza tumbo. Kuna mama mmoja anasema, 'Vuta pumzi, wapenzi, na sasa miguu juu,' halafu ngoma inaingia."

Ossie hakucheka mara moja. Nadhani ilibidi kwanza aipange ile miaka kumi na moja upya kichwani. Halafu kilimtoka kicheko kilichomwangusha kwenye kochi, na kochi likagonga ukuta, na jirani akagonga ukuta kujibu. "Miguu juu!" alisema. "Bronx yote ilikuwa inacheza miguu juu!" Rudell aligeukia dirisha, mabega yakimtetemeka. Na Vumbi, aliyekuwa amebeba aibu ile tangu ana miaka ishirini, akaanza kucheka pia, mdogomdogo, kama mtu anayejaribu goti lililowahi kuvunjika.

"Jina lake," Ossie alisema akifuta macho. Vumbi akampa jina, kampuni na mwaka. Ossie akaandika kiganjani.

Kisha akaleta santuri yake, na tukagundua kwa nini bafu la mama yake halikuziba. Ossie hakuwa akimenya lebo, alikuwa anabandika nyingine juu yake. Hii ilisema kwa herufi kubwa kwamba ni hotuba za kilimo.

"Na chini yake pameandikwa nini?" nikauliza.

"Sikumbuki. Niliibandika mwaka sabini na tisa. Kwa gundi ya seremala."

"Sasa wote wawili hamna akili," Rudell akasema. "Angalau mmoja angekuwa nazo."

Tuliibandua pembe moja kwa kucha, na karatasi zote mbili zikaanza kuchanika pamoja. Vumbi alitupiga mikono. "Acheni! Msiiguse." Akaishika kwenye mwanga, akainusa gundi. Huyo hakuwa dijei tena, alikuwa mtu wa mashati. "Hii inataka mvuke. Kidogo, kutoka upande mmoja. Twendeni kazini kwangu."

Ossie alitupeleka kwa basi la shule. Dukani, bosi wa Vumbi alitazama santuri, akatazama basi nje, akaamua kwenda kupanga hanga. Vumbi alifunika santuri nzima kwa taulo iliyoloweshwa maji baridi isije ikapinda, akaacha katikati tu. Akafungua pasi ya mvuke kidogo, akaifunga. Akangoja. Akafungua tena. Kwa ukingo wa kadi ngumu ya kola ya shati aliinua hotuba za kilimo unywele kwa unywele, na kila zilipong'ang'ania alirudisha mvuke, bila haraka, ingawa saa ya ukutani ilikuwa imefika sita unusu na Ossie alikuwa na watoto wa kuwachukua saa nane. Hakuna aliyetoa utani. Hata mimi.

Lebo ya juu ilitoka nzima. Chini yake, karatasi ya bluu, imekunjamana lakini inasomeka: Wendell Stubblefield na Wenzake Watatu, Toledo, Ohio.

Vumbi alilisoma mara tatu kwa sauti.

Kampuni iliyotoa santuri ile ilikuwa imekufa zamani, lakini opereta wa simu alisema Toledo kuna Stubblefield mmoja, anaitwa W. Vumbi alipiga kwa simu ya duka, na sisi tukabana masikio yetu karibu na lake.

"Mzee Stubblefield? Shikamoo. Unapigiwa kutoka Brooklyn. Wewe ndiye uliyepiga kinanda kwenye santuri ya lebo ya bluu?"

"Nani kakwambia? Tulitengeneza mia tano, na mia tatu ziko chini ya kitanda changu."

Vumbi alimweleza yote, hata msumari. Aliomba ruhusa, na akasema wanasheria watamlipa anavyostahili. Mzee alitaka kusikia kwanza. Rudell akatoa kanda mfukoni, bosi akatoa redio yake ya kanda, tukaweka mdomo wa simu kwenye spika. Rudell alisimama akitazama ukuta huku wimbo wake wote ukipita waya kwenda Toledo.

Ulipokwisha tulisikia mzee akisafisha koo.

"Huyo kijana anaongea haraka."

"Ndiyo, mzee," Rudell alisema.

"Baba yako anajua umemwandikia hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Atajua." "Ruhusa mnayo. Muandike jina langu nyuma ya jalada, na la Percy, mpiga ngoma wangu, kwa herufi zinazoonekana. Lakini wewe wa mashine, nikuulize. Mbona umekata pale?"

"Pale ndipo patamu, mzee."

"Patamu? Kijana, pale nilikuwa napasha vidole joto. Umeisikiliza mpaka mwisho?"

Miaka yote ile Vumbi alikuwa akishusha sindano, anasikia mapigo manne, anainua.

"Hapana, mzee."

"Basi sikiliza," Mzee Stubblefield alisema, na akakata simu.

Nilimpigia mwanasheria, nikasema "Subiri kidogo" kwa raha zangu, nikampa jina, mji na namba, herufi kwa herufi. Ossie alikimbilia basi lake, kisha akarudi nusu njia kusema atapita Jumamosi na vyumba vyake viwili. Nilipogeuka, Vumbi alikuwa ameshavua aproni.

"Unakwenda wapi? Mashati yamejaa hapa!" bosi alisema.

"Nyumbani, bosi, kuisikiliza mpaka mwisho. Dakika kumi tu." Alikuwa tayari mlangoni, santuri kifuani. "Rudell! Chukua daftari."