Verlin Hasemi Anakowinda

Kulungu wanakula maua yangu. Naanza na hilo ili mjue nilivyoudhika. Kila asubuhi wanatoka kichakani nyuma ya nyumba yetu hapa Tuttle Fork, Ohio, mama na watoto, wanasimama mbele ya dirisha la jikoni na kutafuna bustani yangu huku wakinikodolea macho, kana kwamba mgeni ni mimi. Na mume wangu Verlin, mwindaji wa upinde tangu utotoni, anakunywa kahawa yake, anawatazama, halafu anainamia simu yake tena kutafuta kulungu wa jimbo la Iowa, mwendo wa kutwa nzima na ushee kwa gari.

"Na hawa je?" namuuliza. "Hawa si kulungu?"

"Hawa majirani," anasema. "Mtu hali majirani."

Huyo ndiye Verlin. Kazi yake ni kutengeneza matanuri ya kupasha nyumba joto, na akiingia kwenye chumba cha chini cha mtu anaweza kukaa humo nusu siku bila kutoa neno ila "hm". Mimi natengeneza nywele za watu, nina saluni yangu kwenye chumba cha mbele, na huko ukinyamaza wateja wanadhani unaumwa. Tumeoana hivyo hivyo, maji na mafuta, na watoto wameshakua wakaondoka.

Iowa haimpi mgeni kibali cha kumwinda kulungu hivi hivi. Unaomba, unanyimwa, unaomba tena mwakani, na kila unaponyimwa unasogea mbele kwenye foleni. Verlin alisogea miaka mitano. Jibu la kukubaliwa lilipokuja alisimama katikati ya jikoni akasema "hm" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikajua amefurahi kupita kiasi. Basi maandalizi yakaanza, na nyumba ikawa kambi. Nguo zake za kuwindia zikafuliwa kwa sabuni isiyo na harufu na kufungiwa kwenye pipa la plastiki pamoja na majani ya mwaloni, ili zinuke msitu. Nikakatazwa kukaanga vitunguu nguo zikiwa kambani. Kila jioni akapanda juu ya paa la gereji na upinde wake, akawa anapiga mishale chini kwenye gunia lililojazwa matambara, kwa sababu mwindaji hukaa juu ya mti na lazima azoee kulenga chini. Bibi wa jirani akapiga kelele: "Corinne! Mumeo yuko juu ya paa na silaha!" Nikamjibu, "Mwache, mama, akishuka ataanza kuniuliza upepo unatoka wapi."

Yote hayo niliyavumilia. Jambo moja tu lilinichoma: hakuniambia anakwenda wapi.

Iowa ni kubwa. Ardhi ya umma ya kuwindia imetawanyika humo vipande vipande, huku msitu, huku bonde la mto. Verlin alikuwa amechagua kipande chake, nilijua, maana alikitazama kwenye ramani ya simu kila usiku kama mtu anayetazama picha ya mtoto aliye mbali. Nikikaribia, kidole kinafuta, ramani inapotea.

"Wapi, Verlin?"

"Magharibi."

"Ukitoka hapa Iowa nzima iko magharibi!"

"Basi sijasema uongo."

Chanzo cha ukimya huo nilikijua. Miaka kadhaa nyuma alikuwa na mti wake kule bwawani, ardhi ya umma vilevile, mwaloni ambao hakuna aliyeujua ila yeye. Akaua dume kubwa pale, sifa zikaenea. Mwaka uliofuata akaenda gizani siku ya kwanza ya msimu, akainua macho, akamkuta Lyle juu ya mti ule ule. Lyle ni mume wa dada yangu Rowena. Kisheria hana kosa, ardhi ni ya wote, na desturi yetu ni kwamba anayetangulia ndiye mwenye pahali, anayechelewa anageuza gari. Verlin akageuza. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia, "Saluni haina mlango," basi. Hakugomba wala hakuuliza. Nikaapa kwamba sikumwambia Rowena wala Lyle wala paka. Akasema "hm". Tangu siku hiyo hakuniambia tena anakowinda, na mimi nikawa nimehukumiwa bila kesi. Inauma, jamani. Afadhali angefoka.

Kwa kawaida ningesema liwalo na liwe, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini kanisani kwetu yuko Mervin Oakes, ambaye leo anatembea kwa fimbo. Alianguka kutoka juu ya kilingo chake mtini. Mkewe alizunguka barabara zote za wilaya akitafuta pikapu yake, maana hakujua msitu upi, na Mervin akalala chini ya mti ule hadi kesho yake mguu ukiwa umevunjika. Hapo palikuwa nyumbani. Iowa je?

Nikamweka Verlin kitako. "Ukianguka nitamwambia nani akutafute wapi?"

Akafikiri sana. Akasema, "Nitakuachia bahasha. Imefungwa. Ukiona sijapiga simu, fungua."

"Bahasha iliyofungwa? Mimi mkeo au posta? Verlin, ukinipa kitu kimefungwa umenipa kufuli. Sitaki. Ama unaniamini ama huniamini!"

Nikaenda kukaanga vitunguu, vingi, na dirisha nikaliacha wazi.

Mambo yalilipuka mwezi wa tisa, Jumapili, tulipokwenda kula kwa Rowena baada ya kanisa. Mezani kulikuwa na mkate wa nyama, maharage mabichi ya kuoka, na mkate wa tufaha nilioupika mimi. Lyle anauza matrekta, na mdomo wake unafanya kazi hata siku ya mapumziko.

"Haya, Verlin," akasema, "wapi hasa huko Iowa?"

"Magharibi."

"Ah, bwana wee! Kwani nitakuibia?"

Nikaona Verlin anainamisha kichwa, na jicho lake likanipitia mimi, si Lyle. Mimi! Damu ikanipanda. Nikaweka kisu chini.

"Lyle, na mimi nina swali. Nani alikuonyesha ule mti wa bwawani?"

Rowena akanipiga teke chini ya meza. Kwetu mambo hayo hayaulizwi. Watu huzikwa nayo.

"Mti upi, shemeji?"

"Usijifanye mtoto. Mwaloni wa Verlin."

"Aaa, ule!" Lyle akacheka mpaka akafuta macho. "Si alinionyesha mwenyewe!"

"Mimi?" Uma wa Verlin ulibaki hewani.

"Ile picha yako, kaka! Umepiga magoti na dume lako, unachekelea utadhani bwana harusi, na nyuma ya pembe kuna mnara wa maji. Na kando yako mwaloni wenye tawi lililopasuliwa na radi. Nilizunguka bwawa mpaka mnara ukakaa pale pale unapokaa kwenye picha, nikageuka, mti huo hapo. Ulibandika picha kwenye ukuta wa duka la chakula cha mifugo! Nikajua umetualika wote."

Rowena akaniongezea maharage ambayo sikuyaomba.

Tulirudi nyumbani. Verlin akaenda moja kwa moja sebuleni, na koti lake mwilini, akasimama mbele ya picha. Maana picha ile ile iko ukutani kwetu, kwenye fremu, juu ya kochi. Mnara wa maji huo hapo, mweupe, katikati ya pembe, na jina la mji lililoandikwa juu yake unalisoma bila miwani.

"Corinne," akasema. "Hii picha unaifuta vumbi lini?"

"Kila Jumamosi."

"Na hukuuona mnara?"

"Nilikuwa naangalia pembe. Kama wewe."

Akavua kofia. Masikio yamemwiva kwa aibu. "Nimekukosea," akasema. "Miaka yote hii. Nimekukosea sana, mke wangu."

Nilikuwa nimeiandaa hotuba ya siku hiyo kwa miaka. Ina vifungu. Haikutoka hata neno, nikalia tu, kwa hasira na kwa nafuu vilivyochanganyika, naye akanishika bega kwa mkono wake mzito unaonuka mafuta ya tanuri. Halafu akavuta kiti cha meza ya jikoni. "Njoo uone."

Akanionyesha. Jina la mahali akalitaja kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba yetu wenyewe, milango imefungwa. Kumbe ni kibonde tu, mbali na barabara, kijito kinapita katikati na mialoni upande mmoja. Ataacha gari hapa. Akikuta gari la mtu aliyetangulia atakwenda pale pa pili. Upepo ukitoka kusini atapanda mti huu, ukitoka kaskazini ule, maana kulungu akipata harufu yako umekwisha. Mwezi wa kumi na moja madume yanashikwa na wazimu wa kufuata majike, na yatavuka kijito hapa, kwenye kona hii. Niliuliza, akajibu, nikauliza tena. Sikujua kama ningeweza kupendezwa hivyo na kona ya kijito.

"Lakini kwa nini huko, Verlin? Kulungu wanalala chini ya dirisha letu."

Akajikuna shingo. "Misitu niliyowinda na baba yote imeuzwa. Imekodishwa kwa watu wenye fedha, kila mti una kibao cha 'usipite'. Pale hakuna wa kunifukuza. Na tena..." Akagusa ile kona kwa kidole. "Nimeitazama kwa juu muda mrefu. Nataka kujua kama kweli inapinda hivi."

Basi kumbe ndiyo hiyo tu. Mtu mzima amesubiri foleni miaka mitano ili akaone kama kijito kinapinda.

"Na ukimpata," nikauliza, "utamtoaje mpaka barabarani?"

Alikuwa amepanga upepo, amepanga sabuni, hili hakulipanga, na magari hayaruhusiwi kuingia. Nikashuka chumba cha chini nikarudi na kile kitelezo chekundu cha plastiki ambacho watoto walikitumia kuteleza kwenye theluji. "Mburute na hiki." Akasema "hm", ile nzuri.

Aliondoka mwezi wa kumi na moja. Tulikubaliana akitoka msituni giza likiingia, anapiga simu. Siku tatu alipiga. Siku ya nne giza likaingia, chakula kikapoa, simu kimya. Nikampigia, haipatikani. Nikamwona Mervin Oakes akilini, na fimbo yake.

Simu ikalia. Rowena. Nikaropoka kwamba Verlin hajapiga. Mara Lyle akainyakua simu.

"Shemeji, tulia. Nina binamu Iowa, ana gari zuri, anaweza kwenda sasa hivi. Nitajie tu ni wilaya gani."

Alisema kwa wema, namjua, sauti ilikuwa ya wema. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwili wangu wote ulitaka kulitema ili mtu, mtu yeyote, aende. Lakini nikaiona ile kona ya kijito, na Lyle juu ya mti mwakani.

"Asante, shemeji. Ngoja kwanza," nikasema, nikakata.

Nikampigia bwana nyama wa wilaya ile, afisa wa wanyamapori. Namba aliniachia Verlin, wakati wa kiangazi alikuwa amempigia kuulizia mialoni. Nikamtajia jina la mume wangu.

"Yule wa Ohio mwenye maswali?" akasema. "Mama, niambie ameingilia wapi."

Nikamwambia: gari hapa, kijito kule, mti huu kwa upepo wa leo, nilikuwa nimeutazama kwenye simu, unatoka kusini. Akasema wake wengi wanaompigia wanajua rangi ya pikapu tu. Akaenda.

Nilisubiri nimesimama. Sikuweza kukaa. Mwishowe simu ikalia, namba ya bwana nyama, na pumzi ya mtu aliyechoka.

"Corinne."

"Uko hai?"

"Niko hai. Dume kubwa. Simu imekufa kwa baridi. Bwana nyama amenikuta nimejifunga kamba ya kitelezo kifuani kama punda. Tumemburuta pamoja." Akavuta pumzi. "Umemwambia nani?"

"Yeye tu."

"Lyle je?"

"Alipiga, akauliza. Kwa wema."

Nilisikia kikohozi cha bwana nyama.

"Na ulimwambia nini?"

"Ngoja kwanza."

Verlin akacheka. Mume wangu, mtu wa "hm", akacheka simuni mpaka na mimi nikacheka huku nikijifuta machozi kwa taulo la vyombo. Nikamuuliza, "Kijito kinapinda?"

"Kinapinda kuliko kwenye ramani," akasema. "Nitakuleta ukione."

Picha mpya sasa iko ukutani, pale pale juu ya kochi. Verlin amepiga magoti, dume mbele yake, na nyuma yao kitelezo chekundu kimesimamishwa wima, kimeziba mbingu na nchi. Juzi Lyle na Rowena walikuja kula. Lyle akapanda kochi kwa magoti, akakagua kushoto, akakagua kulia, mpaka pua yake ikaacha alama kwenye kioo.

"Shemeji," akasema, "hebu niambie ukweli. Hapa ni wapi?"

Nikachukua kitambaa nikafuta kioo.

"Magharibi," nikasema.