Tiara ya Bafta

Haya, kwa vile mmeng'ang'ania nitawaambia, lakini mcheke kiasi, maana hata leo nikipita ule uwanja wa Mtongwe mimi huangalia chini kama mtu aliyedondosha senti, na yote hayo kwa sababu ya wivu, tena wivu wa mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, kumwonea kijana ambaye ndevu zenyewe alikuwa bado anazibembeleza zitoke.

Kijana huyo ni Athumani, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Mwanaisha. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, kazi hana, tukawa tunakaa naye hapo Mtongwe, Likoni, miaka ya themanini na kitu hivi. Adabu alikuwa nazo, simsingizii. Tatizo lilikuwa ile mikono yake. Mwezi wa nane, shule zimefungwa na kusi inavuma, watoto wa mtaa mzima hawana jengine ila tiara, na Athumani akikaa barazani na chelewa zake za mnazi, gazeti kuukuu na uji wa unga wa kugandishia, hujamaliza kikombe chako cha chai tiara ishakuwa tayari, na ikienda juu inatulia kule utadhani imepigiliwa msumari. Mwanangu Bakari, miaka sita, akawa hali wala halali bila mjomba wake. Zamani nikirudi kazini ng'ambo ya feri alikuwa akinikimbilia mpaka njiani apekue mifuko yangu, sasa nafika, nabisha hodi, najibiwa, "Baba, usikanyage uzi!"

Usiku mmoja tuko kwenye sinia, mama mkwe wangu naye yupo (alikuja kwetu kutoka Msambweni kutibiwa miguu, na kasha lake tukaliweka chumba cha watoto), Bakari akanitazama, akauliza, "Baba, kwani wewe unajua kutengeneza nini?" Wote wakacheka, Mwanaisha ndiye aliyezidi. Athumani peke yake hakucheka, aliinamisha kichwa kwa heshima, na wallahi ile heshima ndiyo iliyonichoma kuliko vicheko vyote. Nikasema, "Kesho nitakutengenezea tiara ambayo mjombako hajaiona tangu azaliwe."

Basi Jumamosi nikaamka na kazi hiyo. Mwanaisha na mamake walikwenda Timbwani kumtazama mzazi aliyejifungua, na Athumani nikamtuma ng'ambo makusudi, asije akanisaidia. Nikakata karatasi, ikapasuka. Nikakata nyengine, ikapasuka vilevile, na uji umenijaa mpaka kwenye ndevu. Bakari akachutama pembeni, akanionea huruma. "Baba, si tumngoje mjomba tu?"

Hapo ndipo akili ilipohama. Nikajiambia, karatasi inapasuka, nguo haipasuki, na tiara ya nguo Athumani hajawahi kuitengeneza. Nikazunguka nyumba nzima natafuta nguo nyepesi, nikaishia kwenye kasha la mama mkwe. Chini kabisa ya leso zake palikuwa na bafta nyeupe pepepe, mpya, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni, inanukia marashi na kafuri. (Msinitazame hivyo. Kafuri nilidhani ni ya kufukuza mende.) Nikasema nakata kipande kidogo tu, Jumatatu nitamnunulia nyengine, hata hatajua. Kile kipande kidogo kikawa tiara ya ukubwa wa meza, kisha mkia nao ukataka vipande vyake.

Alasiri tukatoka kwenda uwanjani, na ikaruka! Jamani, iliruka! Watoto wa mtaa wakatuzunguka, Bakari amenikumbatia mguu anawapigia kelele wenzake, "Babangu ndiye fundi! Babangu!" Athumani alikuwa amesharudi, akaja akasimama, akasema, "Shemeji, hii kali." Nami bila hata haya nikamjibu, "Utajifunza pole pole."

Sijamaliza maringo yangu, nikawaona Mwanaisha na mamake wanarudi na kina mama wa mtaani. Mama mkwe akasimama, akaegemea mkongojo, akatazama juu. Nami kwa kiherehere changu nikapaza sauti wazee wote waliokaa nje ya msikiti wa kando ya uwanja wasikie, "Shikamoo, mama! Nimeitengeneza mimi hiyo!"

"Marahaba," akasema. Macho hajayatoa juu. "Na ile bafta yenye pindo la uzi wa kijani umeitoa wapi?"

Uzi ukanichoropoka. Tiara ikaja kichwa mbele, ikazama kwenye dimbwi wanalonywea mbuzi, mkia ukabaki juu ya tope.

"Astaghfirullah!" akalia mama mkwe. "Mimi bado mzima, mkwe wangu, ushanivua sanda?"

Kumbe bafta ile aliinunua Makka alipokwenda kuhiji, akaikosha kwa maji ya zamzam, akaipinda kwa mkono wake, akaiweka ingoje siku yake. Mzee mmoja akaja akanishika bega, akauliza, "Baba Bakari, ulikuwa na dhiki gani hata ukaingia kwenye sanda ya mkweo?" Nikatafuta uongo, uongo wenyewe ukanikimbia, nikasema kweli tupu mbele ya kadamnasi: "Nilimwonea wivu Athumani."

Weee! Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka. Lakini Bakari hakucheka. Aliuachia mguu wangu. "Baba, ile ni nguo ya bibi ya kufia?" Kisha akalia, akaenda kujificha nyuma ya Athumani.

Nilinunua bafta mpya, nikaenda kumwangukia haji mmoja wa mtaani anipe zamzam, akanipa chupa moja na mawaidha ya saa nzima, nikaikosha mwenyewe uani huku majirani wanachungulia. Mama mkwe akaipokea, akainusa, akasema, "Nimekusamehe, baba. Lakini kasha nimelitia kufuli, na ufunguo nimempa Athumani." Athumani, jamani! Hata ufunguo!

Bakari alininunia siku kadhaa. Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani peke yangu, yeye na mjomba wake wako chini wanafunga tiara, roho inanichoma lakini nimejikaza, mara akainua kichwa. "Baba, njoo utushikie hapa, mjomba mikono haimtoshi." Nikashuka, nikachutama. Nikashika pale aliponionyesha, nikaapa moyoni kwamba tangu siku hiyo mimi ni mshika chelewa, ufundi nimemwachia mwenyewe. Bakari akaniegemea begani. "Usiachie, baba," akasema. Sikuachia mpaka mguu ukafa ganzi.