Hifadhi Vizuri Kabla ya Kuzima

Kosa la kwanza katika habari hii lilikuwa langu, na nililifanya kwa Kiswahili sanifu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vikawa vinapanda Sumbawanga kutoka Tunduma pamoja na marobota ya mitumba: redio za kaseti, pasi, saa za ukutani, na hatimaye kompyuta zilizokwisha kutumiwa na watu tusiowajua. Mimi nilikuwa fundi redio pale Malangali. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi, na daftari nililoandikia kila nilichojaribu, kikikubali au kikikataa. Sikupenda kuchanganya lugha. Neno la Kiingereza likinijia, nililitafutia la kwetu kabla sijalitamka.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja, mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa amewafundisha wanangu wawili wakubwa, na mwaka huo alikuwa na binti yangu wa tatu darasa la saba. Mwanawe alimletea kompyuta mpakato ya mtumba, nami nikamfundisha kuitumia kwa Jumapili nne, baada ya misa. Siku ya mwisho nilimwandikisha kanuni moja kutoka kwenye daftari langu: “Kila ukimaliza kazi, hifadhi vizuri kabla ya kuzima.” Akaiandika, akaipigia mstari kwa rula.

Jumamosi moja mchana alikuja kwenye kibanda changu ameibeba kompyuta yake ndani ya kitenge, kwa mikono miwili, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Fundi, mgonjwa wako haamki.”

“Haamki kabisa?”

“Anafumbua macho, analia, analala tena.”

Niliiwasha. Ilikuwa kama alivyosema. Taa ikawaka, jina la kampuni likatokea, kisha ikatoa milio mifupi mfululizo, ikaandika namba moja ya hitilafu juu ya kioo cheusi, ikagoma hapo. Namba ile haikuwamo kitabuni mwangu.

“Kuna nini humu ndani?” nikauliza.

Akatazama mlangoni kwanza. “Mtihani.”

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa Kiswahili, wa darasa la saba, kwa shule zote za kata, na ulikuwa unafanyika Jumatatu. Mwaka uliotangulia maswali yalivuja, watoto wakawa wanaimba majibu bombani huku wanachota maji. Safari hii yeye alisimama mbele ya walimu wakuu akawaambia: nipeni mimi, nitautunga kwenye mashine, hautaonekana na mtu. Wakacheka, wakampa. Ilibaki kuuchapa tu, kwenye duka la steshenari kule Milanzi, ambalo lilikuwa likifungwa saa kumi na moja jioni.

“Nakala ya mkono ipo?”

“Nimeichoma. Ukurasa mmoja mmoja, chini ya sufuria ya maharage.”

“Disketi?”

“Disketi inaibika.”

Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, nikaanza na umeme, kwa sababu kitabu kinasema anza na umeme. Nilibadilisha waya. Milio ileile. Niliangalia kama kuna disketi iliyosahaulika ndani. Hakuna. Nikamuuliza swali ambalo fundi yeyote lazima aulize: “Mara ya mwisho ilipofanya kazi, ulifanya nini baada ya hapo?”

“Niliizima.”

“Kisha?”

“Nikaiweka mahali.”

“Mahali gani?”

“Fundi, wewe una mtoto darasa la saba.”

“Mwalimu, nauliza kuhusu mashine, siulizi kuhusu mtihani.”

“Mashine ndiyo mtihani. Endelea na kazi yako.”

Saa nane na nusu. Hatua iliyofuata ilikuwa kutoa betri, na ili kuitoa lazima mashine igeuzwe. Nilipoigeuza, kitu kikamwagika mezani kwa mlio mdogo, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nilidhani ni skrubu. Nikavaa miwani. Zilikuwa punje nyekundu za ulezi, kama kijiko kizima.

Tukazitazama sote wawili. Mwalimu akakunja kitenge chake vizuri.

“Mwalimu, huu ulezi umetoka wapi?”

“Kwenye kihenge changu.”

“Na umefikaje kwenye kompyuta?”

“Kompyuta ndiyo iliyofika kwenye kihenge.” Akanyoosha mgongo. “Uliniambia nihifadhi vizuri kabla ya kuzima. Kabla ya kuzima ilinishinda, kwa maana taa yake ingeonekana katikati ya ulezi. Nikazima kwanza, nikahifadhi baadaye. Hapo najua nilikosea mpangilio.”

Kwa mama zetu wa Ufipa, kitu cha thamani huzikwa kwenye ulezi: mayai, hati ya shamba, nguo ya kipaimara ya mtoto. Hakiozi, hakivunjiki, na mwizi hana subira ya kupekua punje. Ukimwambia mwanamke wa huku ahifadhi vizuri, hawezi kufikiria mahali pengine. Na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili.

Nilipitisha kidole juu ya vitufe, safu kwa safu. Kimoja kilikuwa kimezama kuliko vingine, kama kinachobonyezwa bila kuachiwa: X, herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Nikaomba sindano. Akaitoa kwenye ukosi wa gauni lake. Nilibandua kitufe, nikachokoa, punje moja ikaruka. Nikakirudisha, nikawasha. Haikulia. Iliendelea, taratibu, mpaka mwisho.

Mwalimu akapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu ndipo jambo la pili liliponijia. Kama kuhifadhi kwake kulikuwa kwa kihenge, basi mashine yenyewe haikuwahi kuambiwa ihifadhi chochote.

“Mwalimu, ulipokuwa unaifunga ile kazi, mashine ilikuuliza kitu?”

“Kila mara. Inauliza kwa Kiingereza kama nataka kuokoa.”

“Ukajibu nini?”

“Mimi Mkatoliki, mambo ya kuokoka nawaachia walokole. Lakini mtu akikuuliza kwa adabu, unakataaje? Nikabonyeza ndiyo. Ikaleta kisanduku kingine, nikabonyeza Enter, nikaenda zangu kihengeni.”

Nilifungua orodha ya mafaili. Lilikuwamo moja tu. Mashine, ikikosa jina, huchukua maneno ya kwanza ya ukurasa, na maneno ya kwanza aliyoyaandika yalikuwa haya: *Usifungue mpaka uambiwe.*

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe.

“Fundi!”

“Naam.”

“Hujaambiwa. Geuka.”

Nikageuza kiti. Nikamwelekeza kuufungua mtihani wake huku nikitazama ukuta, kalenda ya benki ya mwaka uliopita na mjusi mmoja. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini: swali la kwanza, la pili, mpaka arobaini. Yalikuwamo yote.

Alifika Milanzi steshenari ikiwa bado wazi. Binti yangu jioni ile alinisogelea na chai, jambo asilolifanya sana.

“Baba, eti Mwalimu alikuja na kompyuta. Uliona nini?”

“Mjusi,” nikamwambia.

Kisha nikafungua daftari, nikalikata neno *hifadhi* katika ile kanuni yangu, na juu yake, kwa mara ya kwanza, nikaandika: *sevu*.