Hii Nanywesha Mwenyewe

Msimamizi wa ujenzi hufika saiti kabla ya mafundi, akakunja suruali na kushika mpira wa maji. Wenzake husema zege changa humwagiliwa. Yeye husema hunyweshwa. Siku saba, asubuhi na jioni, na kwa jua hili la Dodoma huongeza mbili. Huzunguka nguzo zilizovishwa magunia mabichi, akizigusa kwa mgongo wa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Fundi akitaka kumpokea mpira, hukataa huku akitabasamu: "Acha. Hii nanywesha mwenyewe." Ukimwona saa hiyo, utadhani hana anachokosa duniani.

Leo mkewe amempigia simu kutoka nyumbani Chang'ombe, hapahapa Dodoma, naye akapokea bila kuuweka chini mpira. "Baba Munira, ule mche wa mzabibu umekufa." Ndio mche ambao msimamizi aliletewa na mama yake kutoka Mvumi, wiki chache kabla mama huyo hajafariki.

"Jamani, hata kopo moja la maji mmeshindwa?"

"Si ulitukataza tusiuguse? Ulisema utaunywesha mwenyewe."

Gunia la nguzo lilikuwa limelowa zamani, maji yakawa yanamwingia viatuni, naye bado ameelekeza mpira palepale.