Makuyuni ya Wenyewe

Akili mnemba ilipoingia ofisini kwetu Korogwe, wachora ramani wenzangu walianza kuogopea vibarua vyao. Mimi nikajitapa kwamba nitaitumikisha kama punda. Nikaiandikia, "Nichoree ramani ya Makuyuni," nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, ramani ilikuwa tayari, inang'aa. Kuikagua? Mimi na ubingwa wangu wote!

Kesho yake nikaibandika mbele ya mkutano wa kijiji huko Makuyuni, wilayani kwetu Korogwe, bosi wangu kaketi mstari wa mbele.

"Wazee wangu, shikamooni. Mashine hii inakijua kijiji chenu kuliko ninyi wenyewe!"

Watu wakasogea, wakatafuta mashamba yao ya mahindi, wasiyaone. Nikawaambia ramani za kisasa zinataka mazoea.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa Kimasai, aliyehamia huku na ng'ombe wake, uso umemchanua kwa furaha.

"Mtaalamu, ubarikiwe! Hiyo njia panda naijua. Hapo ndipo nilipozaliwa."

Nikamgeukia bosi kwa madaha. "Umesikia?" Kisha nikamuuliza mzee, "Ulizaliwa upande gani wa kijiji hiki?"

"Siyo hiki, mwanangu. Hiyo ni Makuyuni ya Arusha."