Msimamizi Mtarajiwa wa Chumba cha Kufulia

Mashuka ya wodi ya wazazi yalipoungua kwenye mashine ya kukaushia, aliyeitwa ofisini kukaripiwa ni Mama Pasi. Alasiri ya siku hiyohiyo, wasimamizi walipokutana kupanga zamu, yeye huyohuyo aliambiwa asubiri nje, kwa kuwa hajawa msimamizi.

Alisimama koridoni asijue ashike lipi. Kifuani alivaa kibao alichobandikwa na katibu wa hospitali, kimeandikwa kwa Kiingereza "Prospective Supervisor".

"Yaani msimamizi mtarajiwa," katibu alimfafanulia siku aliyombandika, akampa mkono wa pongezi. Funguo za stoo hakumpa. Tangu hapo madobi wenzake hawakumruhusu hata kugusa beseni.

"Toa mikono, bosi, utatuponza," walimtania, na kila doa lililogoma kutoka wakamtwisha yeye.

Jioni alimweleza mumewe, fundi viatu, aliyekuwa akigonga soli barazani.

"Sasa mimi pale ni nani, baba watoto?"

"Mtarajiwa," akajibu, misumari ikiwa midomoni. "Hata mimi nilikuwa mume mtarajiwa. Shangazi yako alinikalisha kwenye kigoda kibovu nikavumilia, maana siku ya harusi ilijulikana."

"Na yangu ni lini?"

"Muulize huyo aliyekuchumbia."

Binti yao mjamzito akadakia kutoka ndani: "Mama mtarajiwa ni mimi, na sijasikia mtu akinigombeza kwamba mtoto wangu analia."

Mama Pasi alicheka, ila kichwa kilizidi kumzunguka.

Asubuhi alimkuta bwana mmoja mgeni stoo, funguo zikining'inia kiunoni.

"Mama, mwelekeze kazi," katibu alisema. "Huyu ndiye msimamizi."

"Na mimi?"

"Wewe unaendelea kuwa mtarajiwa."

"Natarajiwa na nani, mheshimiwa, ikiwa nafasi imeshajazwa?"

Katibu akatazama saa yake, akaondoka. Mama Pasi akabaki na furushi la mashuka mikononi, asijue ayatie kwenye beseni au amkabidhi mgeni.

Kumwita mtu mtarajiwa ni kumwahidi. Ahadi isiyo na siku ni njia ya kumbebesha mtu mzigo wa cheo huku mkimnyima cheo chenyewe. Basi nyinyi mliombandika kibao kile, tajeni siku atakayokabidhiwa funguo. Kama haipo, mvueni kibao hicho kwa mikono yenu wenyewe, na mumwombe radhi mbele ya madobi wenzake.